Mjadala: Pawa saplai mpya ya bei ya chini, au ya mtumba iliyotoka ofisini?

Mleta mada (Dar es Salaam)

Ndugu zangu, naleta mada hii nikiwa tayari na msimamo, na nauweka mezani mapema ili atakayenipinga ajue anapinga nini. Mtu anayejiundia kompyuta ya mezani kwa fedha za kuungaunga ni afadhali anunue pawa saplai (kile kifaa kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawa ndani ya kompyuta) ya mtumba, iliyochomolewa kwenye kompyuta ya ofisi iliyotengenezwa na kampuni inayojulikana, kuliko kununua ile mpya isiyo na jina la kampuni ambayo huja imeshafungwa ndani ya keisi, yaani boksi la kompyuta. Naenda mbali zaidi na kusema kwamba Shirika la Viwango Tanzania, yaani TBS, lingepaswa kuzizuia hizo mpya zisiingie nchini.

Nina kibanda cha kuchapa na kutoa kopi huku Tabata. Mwaka jana nilinunua Kariakoo keisi pamoja na pawa saplai yake kwa shilingi 65,000, nikafurahia bei. Ilidumu miezi minne. Jioni moja umeme ulikatika, ukarudi, ukakatika tena, na uliporudi mara ya pili nilisikia mlio mfupi kama wa mbegu ya mahindi inayopasuka kikaangoni, kisha ikafuata harufu. Pawa saplai ilikufa, lakini haikufa peke yake, kwa sababu iliondoka na mazabodi, yaani ubao mkuu wa kompyuta, pamoja na diski iliyokuwa na mitihani ya majaribio ya shule mbili. Vitu hivyo viwili vilinigharimu shilingi 230,000 kuvirudisha, bila kuhesabu siku mbili za kukesha nikichapa mitihani upya.

Niliiacha siku tatu kabla ya kuifungua, kwa kuwa kapasita kubwa za ndani, yaani vidude vya kuhifadhi umeme, zinaweza kubaki na volti zaidi ya 300 hata baada ya waya kuchomolewa ukutani. Nilichokikuta ndicho kilichonileta hapa. Ubao wa ndani ulikuwa umechapwa alama nzuri nyeupe zinazoonyesha mahali pa koili mbili za kuchuja umeme unaoingia, lakini mahali pa koili palikuwa pamelazwa vipande viwili vya waya mtupu, vimelehemiwa vizuri kabisa. Mahali pa kile kidude cha duara kinachomeza volti zinazoruka ghafla palikuwa na matundu mawili tu. Kapasita moja ilikuwa imevimba kichwa kama andazi. Aliyeusanifu ubao ule alijua kazi yake. Aliyekuja baadaye kuupunguza ndiye alikuwa mtu wa mahesabu.

Ndipo nikarudi kusoma stika, jambo ambalo nilipaswa kulifanya dukani. Juu iliandikwa 500 kwa tarakimu kubwa, na nilipoitazama vizuri sikuona neno wati mbele yake, kwa maana ilikuwa namba ya modeli. Chini, kwa maandishi ambayo mtu wa umri wangu huyasoma kwa miwani, palikuwa na jedwali: volti 12, ampea 15. Ukizidisha unapata wati 180. Kwenye kompyuta za leo, prosesa (ubongo wa kompyuta) na kadi ya picha (inayotengeneza picha za skrini) hula karibu umeme wao wote kutoka katika waya za volti 12, na zile za volti 5 na 3.3 hubeba vitu vidogovidogo. Kwa hiyo «mia tano» niliyoinunua ilikuwa mia na themanini, na hata hiyo mia na themanini ni kwa kumwamini mwandishi wa stika.

Fundi wa mtumba aliniuzia kwa shilingi 30,000 pawa saplai iliyotoka kwenye kompyuta ya ofisi, yenye lebo ya wati 300 ambazo kati yake wati 280 ziko kwenye volti 12. Kompyuta yangu ina prosesa ya wati 65 na kadi ya picha ya wati 75, ile isiyohitaji waya wa ziada kwa sababu hunywa moja kwa moja kwenye mazabodi. Nikijumlisha diski, feni na mazabodi yenyewe, nakaribia wati 200. Nafasi inabaki.

Lakini kilichonivutia zaidi ni mstari wa lebo unaotaja umeme unaoingia, unaosema volti 100 hadi 240, bila ile swichi nyekundu ya kuchagua volti 115 au 230 kule nyuma. Maana yake ni kwamba ndani kuna sakiti inayopandisha umeme unaoingia, uwe mdogo au mkubwa, hadi kiwango kimoja kabla ya kuugawa. Hilo halikuwekwa kwa ajili yetu. Umoja wa Ulaya ulianza mwaka 2001 kudai kwamba kompyuta na vifaa vingine vinavyokula zaidi ya wati 75 visichafue mkondo wa gridi, na sakiti hiyo ikawa njia mojawapo ya kutii. Mtaani kwetu, saa moja usiku watu wote wakiwa wamewasha majiko na pasi, mita yangu husoma volti 170, na mara nyingine chini ya hapo. Pawa saplai yenye swichi nyekundu kwa kawaida imepangwa kuvumilia hadi kama volti 180. Ikishuka chini ya hapo, kompyuta huzima na kuwaka yenyewe kama ina pepo. Hii ya mtumba haijatikisika hata mara moja.

Nawakaribisha wenye hoja.

Fundi (Kariakoo)

Ndugu mleta mada, pole kwa hasara. Mimi nauza mtumba huo unaousifia, kwa hiyo ningepaswa kukuunga mkono na kunyamaza, lakini umeeleza nusu ya habari.

Kwanza, nyingi ya pawa saplai za ofisini haziingiliani na kila mazabodi. Kampuni kubwa kama Dell, HP na Lenovo zimekuwa zikitumia plagi zao wenyewe, za pini 6, 8, 10 au 14, badala ya ile ya kawaida ya pini 24, na baadhi yake hutoa volti 12 peke yake na kuiachia mazabodi kazi ya kutengeneza volti 5 na 3.3. Mteja akija na mazabodi ya kawaida nampa waya wa kubadilisha, na waya hizo nazo zina nzuri na za hovyo. Vilevile umbo linasumbua, kwa sababu nyingine ni ndefu na nyembamba, haziingii kwenye keisi ya kawaida, na nimeona watu wakizifunga kwa kamba nje ya keisi.

Pili, kapasita huzeeka. Kanuni tunayoitumia ni kwamba kila joto likipungua nyuzi 10, maisha ya kapasita huongezeka mara mbili, na kinyume chake ni kweli vilevile. Kifaa kilichokaa miaka sita kwenye ofisi yenye baridi kinakuja kuanza maisha mapya kwenye kibanda cha bati cha Tabata mwezi wa Februari. Tarehe ya kutengenezwa huwa kwenye lebo. Mimi sinunui iliyopita miaka 8, hata ikiwa safi kama ya dukani.

Tatu, na hili ndilo lililonifanya niandike, usikubali kujaribiwa pawa saplai kwa kuunganisha waya wa kijani na mweusi halafu feni ikazunguka. Feni inazunguka hata kwenye kifaa kilichokufa nusu. Mimi natumia taa mbili za mbele za gari, za volti 12 na wati 55 kila moja, naziunganisha kwenye waya za njano na nyeusi, naziacha zimewaka dakika 20, na mita ikiwa imeshikizwa hapo. Kiwango kinachokubalika ni asilimia 5 juu au chini, yaani kati ya volti 11.4 na 12.6. Ile mpya ya keisi mara nyingi huanza na 12.2 na kabla ya dakika 10 iko 11.2, huku waya zimepata joto la kuhisi mkononi. Ile nzuri, ukiwasha taa zote mbili kwa mpigo, wakati mwingine hujizima, kwa kuwa taa baridi huvuta umeme mwingi mwanzoni. Wateja hudhani ni mbovu, kumbe ni kinga inafanya kazi. Washa moja kwanza, kisha ya pili.

Mwenye duka la kompyuta (Dar es Salaam)

Kaka mleta mada, nimekusoma hadi mwisho na sijakasirika, ingawa hizo keisi za 65,000 ndizo zinazonilipia pango.

Naomba tu muelewe mteja anayeingia dukani kwangu. Namwonyesha pawa saplai mpya ya kampuni inayojulikana, ya wati 450, ambayo kwangu ni shilingi 150,000. Anaishika, anasema nzuri, anauliza «na hii?» akionyesha keisi yenye kila kitu. Si kwamba namdanganya. Huwa namwambia kwamba hiyo inafaa kuandikia barua na kuangalia video, na asiweke kadi ya picha. Anakubali kwa kichwa, na baada ya wiki tatu anarudi kununua kadi ya picha.

Ukiizuia kabisa, utamwacha mtu huyo bila kompyuta, na mzigo utapita njia za panya ambako hakuna anayeukagua. Tangu mwaka 2012 bidhaa zinapaswa kukaguliwa zinakotoka kabla ya kupakiwa melini. Mzigo wangu kwenye hati huandikwa keisi za kompyuta, na sijawahi kuulizwa kuhusu kilichomo ndani yake. Hapo ndipo pa kuanzia.

Na mtumba wako, kaka, una waranti ya nani? Mimi kwangu ikiungua ndani ya miezi sita nabadilisha. Fundi atakupa maneno mazuri na chai. Tena tusisahau kwamba kila kontena la kompyuta chakavu lina vilivyokufa pia, na vilivyokufa vinaishia dampo la Pugu Kinyamwezi, siyo kurudishwa Ulaya.

Mwanafunzi (Mbeya)

Shikamooni wakubwa. Nina jambo moja kuhusu swichi nyekundu. Mdogo wangu aliisogeza kutoka 230 kwenda 115 akiwa anafuta vumbi, na mimi nikachomeka bila kuangalia. Ulikuwa mlipuko mmoja na moshi, na umeme wa bweni zima ukaondoka. Nilikuja kuelezwa kwamba kwenye 115 sakiti huuzidisha umeme mara mbili, kwa hiyo ukiipa 230 kapasita zinapokea zisichoweza kubeba. Tangu hapo nabandika gundi juu ya swichi hiyo kwenye kila kompyuta ninayoiona, hata isiyo yangu.

Swali langu ni kuhusu ile nembo ya 80 PLUS. Je, nikiiona tu inatosha?

Mleta mada

Marahaba kijana. Haitoshi, ingawa inasaidia. Mpango huo ulioanza mwaka 2004 unapima ni sehemu gani ya umeme inayofika kwenye kompyuta badala ya kugeuka joto, na ngazi ya chini kabisa inadai asilimia 80. Haupimi kinga, wala uthabiti wa volti wakati mzigo unapopanda. Isitoshe, vipimo hufanywa kwenye chumba cha nyuzi 23, na sijui ni chumba gani cha Dar es Salaam chenye nyuzi hizo bila kiyoyozi. Tena kuchapa nembo kwenye stika hakumshindi aliyechapa 500.

Dada mwenye duka, kwenye waranti umenishinda, na kwenye kuzuia kabisa nakubali kurudi nyuma hatua moja. Nabadilisha ombi langu liwe hili: TBS idai kwamba pawa saplai yoyote, hata iliyofungwa ndani ya keisi, iandikwe nje ya boksi wati zake za kweli za kudumu pamoja na ampea za volti 12, na zipimwe kwa kuokota chache kwenye mzigo. Asiyefikia alichokiandika arudishiwe mzigo. Mteja wako akisoma «wati 180» kwenye boksi, nina hakika atauliza swali lingine kabla ya kulipa. Na hadi hapo patakapofikiwa, ungeweza kuuza keisi tupu, mimi ningeinunua.

Kuhusu stabilaiza, kifaa cha kusawazisha volti za ukutani, ambayo watu wawili wameniuliza pembeni, ile ya bei nafuu hubadilisha volti kwa hatua, na kila hatua umeme hupotea kwa kitambo kidogo sana. Pawa saplai iliyofuata viwango inapaswa kuendelea kutoa umeme sawasawa kwa milisekunde 16 hivi baada ya kukatika, kwa hiyo hapo haitambui kitu. Iliyopunguzwa kapasita hutambua, na kompyuta huzima mbele ya stabilaiza mpya uliyoinunua ili isizime.

Fundi, nimefanya ulichosema. Niliazima taa mbili kwa dereva wa bajaji jirani yangu, nikaanza na moja, kisha ya pili. Ilianza na volti 12.1, na baada ya dakika 20 ilikuwa 11.8. Lebo inasema ilitengenezwa miaka saba iliyopita.

Fundi (Kariakoo)

Hiyo 11.8 ni nzuri. Ipime tena Februari, joto likiwa kali, na ikishuka chini ya 11.6 niletee; kapasita zake nne za upande wa kutokea nakubadilishia kwa shilingi 12,000, na hapo dada yetu hatakuwa na la kusema kuhusu waranti, kwa sababu nitakuandikia.

Mwenye duka la kompyuta (Dar es Salaam)

Andika na tarehe, fundi. Na keisi tupu ninazo tatu, kaka, shilingi 40,000 kila moja.