Naomba ushauri: Bolivia kwa mabasi siku 18, na mke wangu alishindwa Horombo

Mtu wa Kirumba
Habari zenu wakuu. Mwezi wa sita mimi na mke wangu tunakwenda Bolivia, siku 18, ndani ya nchi tutatembea kwa mabasi. Viza na kadi ya njano tayari. Ndege ni Dar, Addis Ababa, São Paulo, halafu La Paz. Nimepanga hivi: tukishuka La Paz tunalala usiku mmoja, kesho yake jioni basi la usiku hadi Uyuni kwenye lile jangwa la chumvi, siku tatu kwenye Land Cruiser, kisha Potosí, Sucre, tunamalizia Santa Cruz. Nataka ile picha ya mtu amesimama kama yuko juu ya mawingu.

Kinachonipa wasiwasi: mwaka juzi tulipanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu. Mke wangu alifika kambi ya Horombo akatapika usiku kucha, asubuhi wakamteremsha. Mimi nikaendelea na safari (hilo deni nyumbani bado nalilipa). Je, huko hali itakuwaje? Na mabasi yao yakoje? Wajuvi karibuni.

Senene wa Bukoba
Ngoja waje. Natia nanga hapa.

Kiongozi wa Marangu
Mkuu, kazi yangu ni kupandisha wageni mlimani, na Bolivia nimefika. Huo mpango umeusimamisha kichwa chini miguu juu. Horombo ni mita 3,720. Katikati ya La Paz ni kama 3,600, na uwanja wa ndege uko El Alto, zaidi ya mita 4,000. Yaani shemeji atatoka mlangoni mwa ndege akiwa ameshaipita Horombo bila kupiga hatua hata moja, na kesho yake unataka kumtia kwenye basi la usiku! Marangu angalau alilala kwanza Mandara, kambi ya chini.

Geuza safari. Kutoka São Paulo zipo ndege za Santa Cruz, mita 400 tu, joto lake utadhani uko Dar. Laleni pale, pandeni Samaipata kwenye mita 1,600 hivi, kisha Sucre, 2,800, mkae siku nne bila haraka. Mwili ukishazoea ndipo mguse 4,000. Hiyo safari ya siku tatu kwa Land Cruiser kwa kawaida ina usiku mmoja zaidi ya mita 4,200, upande wa Laguna Colorada. Usiku huo ndio wa kuuogopa.

Diamox, dawa ya ugonjwa wa mwinuko, mwone daktari kabla ya kuondoka, hasa kama shemeji ana mzio wa dawa za salfa. Chai ya majani ya koka mtakaribishwa kila mahali, inachangamsha. Lakini mtu akianza kuyumba au kuongea visivyoeleweka, hapo hakuna chai, ni kuteremka. Na hayo majani msirudi nayo nyumbani, ni kesi.

Dada Mabegi
Kiongozi kamaliza la urefu, mimi naongeza la barabarani.

Mabasi ya masafa marefu mazuri tu, ukichagua. Kuna daraja wanaliita *cama*, maana yake kitanda: viti vitatu kwa mstari, vinalala karibu kabisa. *Semi cama* ni viti vinne, vinalala nusu. Kwa safari za usiku lipieni *cama*, msibane hela hapo. Choo kinaweza kuwemo na kisifunguliwe, kwa hiyo soda acheni kituoni. Juu ya nauli kuna tiketi ndogo ya kutumia stendi, hela yake ni sarafu chache, ila bila hiyo mtashushwa mlangoni.

Kinachosumbua ni *bloqueo*. Wachimba madini, wakulima, madereva, yeyote mwenye dai lake na serikali anafunga barabara kwa mawe na matairi, na inaweza kuchukua saa tano au wiki. Mimi ilinikuta kati ya Oruro na Uyuni. Naamka saa kumi alfajiri, injini kimya, kioo kimeganda barafu kwa ndani, nakwangua kwa kucha nione nje. Moto wa matairi, watu wamejifunika mablanketi. Dereva akasema shukeni, upande wa pili mtapata basi lingine. Tulitembea saa nzima na mabegi. Mimi langu nikalitwika kichwani, wale kina mama wenye kofia za duara na sketi za marinda wakacheka hadi wakanipigia makofi. Mmoja akaniuzia *api*, uji mwepesi wa mahindi ya zambarau, una mdalasini na karafuu, pamoja na kitu kama sambusa kubwa bapa yenye jibini. Hiyo karafuu ilinifikisha Pemba kwa dakika mbili.

Kwa hiyo wekeni siku tatu za akiba, na siku ya mwisho msiwe mbali na uwanja wa ndege. Bebeni dola za noti, safi, zisizochanika.

Na ile picha ya mawingu, pole. Kioo kile kinachoonyesha mawingu ni maji ya mvua juu ya chumvi, kuanzia Desemba hadi Machi hivi. Mwezi wa sita ni kukavu. Mtaona chumvi imejigawa vipande vya pembe sita hadi upeo wa macho, kilomita za mraba zaidi ya 10,000. Mimi nilipenda zaidi hivyo. Usiku, nyuzi 10 chini ya sifuri ni kawaida.

Senene wa Bukoba
Kumi chini ya sifuri?! Nang'oa nanga.

Mzee wa Kumbukumbu
Kijana, Potosí usipite tu. Fedha ya ule mlima, Cerro Rico, ilianza kuchimbwa 1545, ikaijaza Hispania. Nenda Casa de la Moneda, kiwanda cha sarafu. Ndani kuna mitambo ya magogo iliyozungushwa na nyumbu, na Waafrika watumwa walifanyishwa kazi humo kiwandani. Wazao wa Waafrika waliopelekwa nchi hiyo wapo mpaka leo, wengi kwenye mabonde ya Yungas chini ya La Paz, vijiji vya Tocaña na Mururata karibu na Coroico. Wanalima koka na kahawa, ngoma yao inaitwa *saya*. Wana hata mfalme wao, Julio Pinedo, alitawazwa 1992, akatambuliwa rasmi 2007.

Kuingia machimboni sikushauri. Watu bado wanachimba mle na mapafu yao yanaisha kwa vumbi, sioni kwa nini tuwe watazamaji.

Kiongozi wa Marangu
Mzee, Potosí ni kama 4,000, usiku wa kwanza kutoka Sucre ni mruko mkubwa. Mimi ningempitisha kwa basi, akalale Uyuni, 3,650. Panda juu, lala chini.

Mzee wa Kumbukumbu
Ashuke asubuhi, aone kiwanda, apande basi la mchana. Uyuni ni mwendo wa saa nne tu.

Kiongozi wa Marangu
Hapo sawa.

Dada Mabegi
Ukienda Copacabana, ziwa Titicaca, pale Tiquina mnashuka, nyie mnavuka kwa boti, basi linavuka peke yake juu ya tishari la mbao. Mtu wa Mwanza utakumbuka Kigongo–Busisi kabla ya daraja, ila hili linayumba! Pasi za kusafiria msiziache ndani ya basi.

Mtu wa Kirumba
Nawashukuru sana. Nimebadili tiketi, tunashukia Santa Cruz, faini nimelipa huku nalia. Mke wangu kausoma uzi wote. Samaipata kakubali, Sucre kakubali, Coroico kaiongeza yeye kwa ajili ya hiyo ngoma. Siku tatu za Land Cruiser kakataa, tutakwenda chumvini siku moja tukalale mjini. Nikamwambia basi mimi niende hizo tatu, yeye anisubiri hotelini. Hajanijibu tangu jana.

Kiongozi wa Marangu
Mkuu. Ya Horombo unataka kuyarudia?