Mjadala: Vigae vya Uvinza vitunzwe Ujiji au vipelekwe Dar?

MwanaUjiji: Wakuu, naomba tulijadili hili bila matusi. Uvinza, kwenye chemchemi za maji chumvi karibu na Mto Ruchugi, watu wamechemsha chumvi tangu karibu karne ya 5 au ya 6. Uchimbaji wa watafiti Sutton na Roberts wa 1967 ulionyesha hivyo. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863, kwa hiyo vigae vya huko, yaani vipande vya vyungu vya kale, si vya kuchukuliwa kiholela. Swali: vinavyoendelea kutoka ardhini vitunzwe Makumbusho ya Taifa Dar, au Ujiji ambako tayari pana jumba la kumbukumbu ya Livingstone na Stanley? Mimi nasema Ujiji.

KabatiLaChuma: Dar. Zinjanthropus, lile fuvu la kale, aliokotwa Oldupai 1961, yuko Dar, na hakuna anayelalamika. Mikoani kitu kinawekwa juu ya kabati la ofisi, mhusika anahamishwa, ufunguo unahama naye. Halafu tuseme ukweli, hivi ni takataka za wapika chumvi. Havistahili ugomvi.

Mvinza_Halisi: Takataka? Chumvi hiyo ilibebwa na misafara hadi mbali karne ya 19, na leo bado inatoka palepale. Fuvu moja linakueleza habari za kiumbe mmoja. Rundo la vigae lenye tabaka zake linakueleza jinsi watu walivyobadilisha vyungu, moto na biashara kwa zaidi ya miaka 1,000. Na Zinj ni tarehe 17 Julai 1959, aliyemwona ni Mary Leakey. Anayetetea Dar angalau ajue cha Dar.

KabatiLaChuma: Mwaka nimekosea, nakubali. Ya ufunguo hujajibu.

Unyanyembe: Leteni Tabora muondokane na huo ugomvi. Kiangazi hewa yetu ni kavu kuliko ya ziwani, na tuna Kwihara, penye makumbusho ya Livingstone. Reli yenyewe ilifika Tabora 1912, Kigoma wakasubiri hadi 1914.

MwanaUjiji: Reli inaingiaje hapa? Hiyo reli iliishia kwetu kwa sababu sisi ndio tuliokuwa na ziwa! Meli ya Liemba ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, 1913, ikavunjwa vipande, ikasafirishwa kwa makasha 5,000, ikaunganishwa Kigoma na kuelea 1915. Tabora mliona makasha yakipita tu.

Unyanyembe: Kaka, meli ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka uliofuata.

MwanaUjiji: Ikaibuliwa 1924, ikarudi kazini 1927. Chombo cha Kigoma hata kikizama kinarudi.

Dada_Stoo: Mmeitaja Liemba kwa kutambiana, lakini somo mmelipita. Makasha 5,000 yaligeuka meli kwa sababu ilijulikana kila kipande kinakaa wapi. Kigae cha Uvinza kisicho na namba ya shimo, tabaka na kina kimekufa, kiwe Ujiji, Tabora au Dar. Hilo moja.

La pili ndilo linalonisumbua, na hakuna aliyeligusa. Vigae hivi vimekaa kwenye maji chumvi karne nyingi, chumvi imeingia hadi ndani ya udongo uliochomwa. Chumvi ya kawaida ikikutana na unyevu wa hewa unaozidi asilimia 75 inayeyuka. Unyevu ukishuka inaganda tena kuwa fuwele, na fuwele inasukuma. Masika inayeyuka, kiangazi inaganda, mwaka baada ya mwaka. Utaona kwanza unga mweupe, kisha uso wa kigae unabanduka kama maganda ya kitunguu, na nakshi inakwenda nayo. Kwa hiyo, kaka Unyanyembe, ukavu wa Tabora peke yake si dawa. Mvua zikianza Novemba unyevu unarudi. Dar nayo kiyoyozi kinachozimika kila umeme ukikatika ni kibaya kuliko kutokuwa nacho, kwa sababu kinaharakisha huko kupanda na kushuka.

Unyanyembe: Sikusema peke yake. Soma vizuri dada yangu.

Mvinza_Halisi: Si vioshwe tu? Maji ziwani hayajaisha.

Dada_Stoo: Hapo ndipo vinapoharibikia. Maji ya Tanganyika yenyewe yana madini mengi, ukiyapima kwa kipima upitishaji umeme (madini yakizidi, umeme unapita zaidi) yanasoma karibu maikrosimensi 670 kwa sentimita. Yanafaa kutoa matope. Ukimalizia nayo, umeacha madini mengine ndani.

Fanya hivi. Jaribu kigae kimoja kwanza, kisicho na nakshi. Kikianza kulainika pembeni, acha, hicho kilichomwa kwa moto mdogo na kinahitaji kuimarishwa kabla. Kikistahimili, weka vingine kwenye vifuko vya wavu pamoja na kibandiko cha namba kisichoyeyuka, loweka kwenye maji yaliyochujwa kwa mvuke au maji ya mvua safi (mvua ya kwanza iache ioshe bati, kinga ya baadaye). Badilisha maji kila siku, na kila siku pima kwa kipima hichohicho kabla ya kumwaga. Kipimo kikishuka siku hadi siku hadi kikawa karibu sawa na cha maji mapya, chumvi imetoka. Kausha kivulini taratibu, kamwe si juani. Na mkinunua maji ya betri kituo cha mafuta someni chupa vizuri, nyingine ni asidi.

KabatiLaChuma: Na ukishaosha hivyo, masizi na mabaki ya ndani ya chungu yatapimwaje? Umefuta ushahidi wa kilichochemshwa.

Dada_Stoo: Hoja nzuri, na ndiyo yako ya kwanza leo. Kabla ya kuloweka chochote, tenga vichache kutoka kila tabaka, usivioshe, usivishike kwa mikono mitupu, vifunge kwa karatasi ya alumini. Hivyo vikae kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kubana pamoja na chembe za silika, zile zinazofyonza unyevu. Chembe zikilowa zikaushe kwenye oveni nyuzi 110 kwa saa kadhaa, zirudishe.

Vyuma navyo viwe na ndoo yao, silika uzito sawa na uzito wa chuma. Chuma chenye chumvi kinahitaji unyevu chini ya asilimia 20, na kigae hakina haja ya huo ukavu.

MwanaUjiji: Ndoo, silika, maji ya mvua. Yote hayo Ujiji yanawezekana. Kwa hiyo nimeshinda.

KabatiLaChuma: Hujashinda. Kipima unyevu cha bei rahisi kinadanganya, utajuaje?

Mvinza_Halisi: Kwa chumvi yetu hiyohiyo unayoita takataka! Weka kijiko cha chumvi kwenye kifuniko, ilowanishe iwe kama uji mzito, ifungie na kipima ndani ya chupa isiyopitisha hewa usiku kucha. Asubuhi lazima kisome 75. Kikisoma 68, unajua kila kipimo uongeze 7 hivi.

Unyanyembe: Hilo limenikaa. Lakini funguo bado.

Mvinza_Halisi: Funguo mbili kwa watu wawili wa idara tofauti, na daftari la usajili lenye nakala Dar. Uhamisho ukija, makabidhiano ni kuhesabu kitu kwa kitu, si kusaini karatasi.

MwanaUjiji: Na namba tuandike na nini? Kuna vigae vimeandikwa juu ya rangi ya kucha.

Dada_Stoo: Rangi ya kucha inageuka njano, kisha inabanduka na namba yako. Tumia Paraloid B-72, plastiki angavu ya kuhifadhia vitu vya makumbusho, iliyoyeyushwa kwenye asetoni, tabaka jembamba upande wa ndani, mbali na masizi, nakshi na ukingo uliovunjika. Ikikauka andika kwa wino mweusi wa kaboni, kisha tabaka la pili juu. Vile vya rangi ya kucha, nakili namba kwanza na piga picha, halafu ndiyo uguse kwa pamba yenye asetoni. Ukianza na pamba, umekipoteza kigae.