Naombeni ushauri: maji ya kisima na majirani zangu

MwanaFuoni: Assalamu aleikum wanabaraza. Nipo Fuoni, Unguja. Kwetu kuna kisima cha kuchimbwa kwa mashine, na tangi la lita 2,000. Maji ya mtaani yakikatika, na siku hizi hukatika hata wiki, nyumba tisa huja na madumu kwangu. Alfajiri nikitoka kusali nakuta foleni ya madumu ya njano hadi mlango wa pili, mengine yamefungwa kitambaa mtu alijue lake. Ni watu wema. Mama alipofariki walinipikia siku tatu, jiko sikuwasha. Lakini umeme unanimaliza, na wiki iliyopita pampu imeungua. Nafikiria dumu shilingi 100. Nawaambiaje bila kuonekana bahili? Usingizi sipati.

BiShaibu: Waaleikum salaam. Usiwauzie mwanangu. Sayyidna Othman alikinunua kisima cha Ruma kwa mtu aliyekuwa akiuza maji, akakiachia watu wanywe bure. Wewe unataka kuwa yule muuzaji?

PwezaMkavu: Mie nna madumu manne kila siku. Nikilipa ya mwezi napunguziwa?

MpishiWaUrojo: Karo la choo liko umbali gani na kisima? Ardhi yetu mawe ya matumbawe, maji machafu hayachujwi, yanapita tu. Kipindupindu hakijui ujirani.

KarafuuMbichi: Umenikumbusha kiza cha Disemba 2009. Unguja nzima haina umeme mpaka Machi 2010, pampu zote kimya. Magomeni kwetu mzee mmoja alikuwa na jenereta, akiliwasha saa moja tu baada ya Laasiri. Kila nyumba huja na chupa yake ya petroli, na hakuna aliyechungulia ya mwenzake imejaa kiasi gani. Mke wangu ndo nilimjulia pale, alinipita foleni. Leo tuna watoto watatu na bado ananipita.

Hodi_Wete: Tuachane na harusi yako. MwanaFuoni, kisima kachimba nani?

MwanaFuoni: Hilo halihusiani sana. Ni cha nyumbani.

Hodi_Wete: Pesa katoa nani?

MwanaFuoni: Kaka yangu alie Maskati, baada ya msiba. Alisema kiwe sadaka ya mama. Ndiyo, kwenye tangi pameandikwa wakf. Lakini yeye kachimbisha tu, pampu na mafundi ni mfuko wangu. Kufuli la bomba nimeshanunua, ila sijalifunga.

BiShaibu: Subhanallah! Si ungelianza na hilo! Maji ya mamako hayo.

Hodi_Wete: Bi Shaibu, kuchangia umeme si kuuza maji. Waite wenye nyumba baada ya sala ya Ijumaa, waoneshe risiti ya fundi, na pesa ashike mwengine, si wewe. Huku kwetu wajane hawatoi kitu na kisima kinakwenda. Na kaka yako ajue kabla, asije akasikia kwa watu.

MwanaFuoni: Kikao watazungumza mpaka Magharibi asitoe mtu. Nshamwambia mmoja, kacheka. Na luku ikiisha usiku, mimi ndo natoka kununua.

KibandaMaiti_77: Simameni hapo. LUKU? Mtu wa Fuoni gani anaita luku? Umeme wa kulipia kabla luku ni jina la Bara, huku tunasema Tukuza. Uzi huu umepikwa Dar.

PwezaMkavu: Aaah! Na mie nimeshamwaga ushauri wangu.

KarafuuMbichi: Mke wangu lakini ni wa kweli.

MwanaFuoni: Nimesoma Dar miaka minne, ulimi umezoea. Mnataka ushahidi gani, nipige picha mita? Kwenye saruji ya kisima kuna nyayo tatu za kuku, alikatisha kabla haijakauka. Fundi alitaka kusawazisha, mama mmoja jirani akamzuia, akasema mwache, naye kaja kunywa.

KibandaMaiti_77: Kuku tumempokea. Luku bado.

Hodi_Wete: Na kufuli?

MwanaFuoni: Nimelirudisha dukani leo. Muuzaji kakataa, anasema lishatumika.

Hodi_Wete: Si ulisema hujalifunga?

MwanaFuoni: Siku mbili tu. Na hakuna aliyekuja kugonga mlango.