Msaada wakuu: rangi ya mafuta haikauki na usoni imeanza kupasuka

Brashi Mbili: Wakuu habari za mida. Najifunza kuchora sura kwa rangi ya mafuta, nakopi ile ya binti anayesoma kitabu ya Fragonard, Mfaransa wa miaka ya 1769 huko, niko Maryland kwa hiyo wikiendi nashuka Washington kuitazama laivu, jumba la sanaa la National Gallery kuingia bure. Sasa gauni la njano bado linanata na shavuni kuna nyufa. Naweza kupiga vanishi hivyo hivyo?

Bi Turubai: Chini ulipaka nini, juu nini?

Brashi Mbili: Chini nilimimina mafuta ya kitani ya kutosha ili iteleze, juu nikazimua na tapentaini.

Bi Turubai: Umepindua. Chini mafuta kidogo, yanaongezeka ukipanda, la sivyo la juu linawahi kukauka halafu linachanika. Na rangi hii haikauki kama nguo kambani, inanyonya oksijeni taratibu. Vanishi subiri miezi 6 hivi.

Mzee wa Upanga: Ungechora hizi picha za tingatinga za kwetu kwa rangi ya baiskeli ingeshakauka zamani. Mimi nilimnunulia wife chui pale Oyster Bay, chui bado yupo sebuleni, wife kaondoka.

Kidume: Kwani haraka ya nini?

Brashi Mbili: Basi tu.

Kidume: Sema bana.

Brashi Mbili: Ni oda. Sendofu Jumamosi, sura nimeweka ya bibi harusi, hela nimeshalipia kodi. Na msiseme nimeharibu, hata Fragonard alibadilisha, eksirei ilionyesha chini kuna uso mwingine unatazama mbele.

Ustadh K: Kula hela ya watu na bado unajifunza ni dhuluma ndugu yangu.

Brashi Mbili: Hakuniuliza kama najifunza.

Kidume: Chai hii. Mara mwanafunzi mara ana oda. Kama kweli umeiona, ile kola ya binti imefanywaje?

Brashi Mbili: Kaikwangua kwa mkia wa brashi rangi ikiwa mbichi, ukisogea unaona mifereji kabisa, mpaka mlinzi akanirudisha nyuma.

Kidume: Hata gugo ipo hiyo. Weka picha.

Bi Turubai: Chai au siyo chai, vanishi hapana. Mpelekee mbichi bila kioo, airudishe baadaye umalizie.

Brashi Mbili: Nimejaribu kona ya chini, inang'aa poa tu.

Bi Turubai: Sasa ulikuja kuuliza nini?

Kidume: Picha.