Naomba ushauri: fleti ya ghorofa saba Pipeline, giza ndani na michirizi nje

Wadau, hasa mafundi na wasanifu, naomba ushauri. Jengo liko Pipeline, Embakasi, Nairobi: mawe ya kuchonga, vyumba vya futi 10 kwa 10 pande mbili za korido, na uwazi wa mwanga (shimo la wima la kupitisha mwanga na hewa) wa futi 5 kwa 5 katikati. Uwazi huo umefunikwa mabati kabisa juu. Hewa haitoki, na ghorofa za chini huwasha taa mchana kutwa. Wazo ni kuyainua mabati futi 2, pande zizibwe kwa wavu tu, na kuta za ndani zipakwe nyeupe. Je, mvua ya masika haitaingia?

Nje ndiko kunasikitisha zaidi. Kingo za chini za madirisha hazikutokeza nje ya ukuta wala hazina mfereji upande wa chini wa kudondoshea maji, kwa hiyo maji huteremka ukutani, yakaacha michirizi myeusi. Plasta inalowa na rangi inabanduka. Kupaka upya kabla ya kurekebisha kingo ni kutupa pesa. Je, bora kumwaga zege papo hapo, itokeze inchi 2, au kubandika vipande vilivyotengenezwa tayari? Wapangaji wangali humo, na jukwaa la mafundi la kuzunguka jengo zima ni ghali mno.