Ditekta ipi nichukue kwa ajili ya mahame ya porini: Garrett ACE 300 ya mtumba, MD-6350 mpya au nikodi mashine ya wachimbaji?

Chilonwa_Kwetu
Mbukwenyi wakuu. Naomba ushauri wa haraka maana jamaa mwenye mali kila saa ananipigia simu. Nataka ditekta ya kupima vyuma ardhini, nimebaki na njia tatu. Kwanza kuna Garrett ACE 300 ya mtumba, ipo Dar, mwenye nayo anadai haijatumika sana. Pili MD-6350 ya Kichina, mpya kwenye boksi, Kariakoo, bei kama nusu ya hiyo Garrett. Tatu kuna mchimbaji wa Singida ana Minelab GPX 5000, haiuzi ila anakodisha kwa siku, na sharti aje kijana wake aishike mwenyewe, kikipatikana kitu mnagawana. Ipi inafaa kwa mahame? Kuna magofu porini nataka niyazungukie kiangazi hiki. Karibuni.

Nkuhungu_Finest
Mleta uzi mahame yapi? Ya tembe au nyumba ya mzungu? Upande gani? Unatafuta nini? Una shilingi ngapi? Umeandika bei ya kila mtu kasoro ya mfuko wako.

Boda_wa_Ipagala
Naweka kambi hapa, ngoja waje wataalamu.

fundi_koili
Swali la Nkuhungu ndo lenyewe, bila kulijibu hakuna atakayekusaidia. Tembe la Kigogo paa ni miti na udongo, ukuta fito na udongo, halina msumari. Kwa hiyo kwenye hame la tembe mashine ikilia, mara nyingi kuna kitu cha mtu kweli, jembe, ncha ya mshale, bangili, senti. Shanga haitalia, kioo hakisomi. Sasa nenda kwenye gofu lililoezekwa bati, hapo ni misumari, vipande vya bati, visoda, waya, kopo la maziwa, mashine inalia mpaka unaizima. Hizo ni kazi mbili tofauti na kila moja ina mashine yake.

Chilonwa_Kwetu
Samahani wakuu, nilikuwa safarini. Ni upande wa Kongwa. Kuna hame la babu mzaa baba, walihama kule operesheni ya vijiji miaka ya 70 mwanzoni, sahivi pamebaki mibuyu na vichuguu, ukuta umeshaliwa na mvua. Halafu pembeni huko kuna misingi ya saruji wazee wanasema ni ya wazungu wa karanga, wale wa mradi wa kulima karanga enzi za ukoloni. Bajeti laki saba, nikibanwa sana nane. Natafuta chochote tu, ila tunajua wote Wajerumani waliacha mali.

Nkuhungu_Finest
Hiyo sentensi ya mwisho ndo ulikuwa unaificha tangu juzi 😂

Garrett_Damu
Chukua ACE 300 usijiulize mara mbili. Namba inasoma kuanzia 0 mpaka 99, chuma kinakaa chini, sarafu ya shaba inapanda juu, mtoto wa darasa la tano anaielewa. Inatumia betri nne ndogo za AA, zile za rimoti, duka lolote la kijijini zipo. Hizi za kuchaji na waya utaenda kuchajia kwenye mbuyu?

fundi_koili
ACE 300 siikatai ila semeni ukweli wote. Kubalansi udongo, yaani kuizoesha mashine isiilie ardhi yenyewe, kwake kumewekwa kiwandani, huna kitufe cha kurekebisha. Udongo wetu mwekundu una chuma chuma ndani yake, mashine inasoma ardhi yenyewe inaanza kuropoka. Utashusha sensitiviti, yaani ukali wa kuhisi, na ukishusha sensitiviti umeshusha na kina. Kwa laki nane mi ningetafuta Nokta Simplex ya Kituruki, ile unaibalansi hapo hapo ulipo, unapampu koili, lile duara la chini linalohisi chuma, juu chini ardhini inajiweka sawa. Haiogopi maji, na betri yake ya ndani inachajiwa na pawabenki hiyo hiyo ya simu, kwa hiyo hoja ya mbuyu haipo.

Ile MD sikushauri. Boksini wanaandika kina cha mamita. Sarafu moja, hata kwa mashine nzuri ya daraja hili, ikizidi sentimita 20 umeshaanza kubahatisha. Kitu kikubwa kama ndoo utakipata chini zaidi, ndo maana wauzaji wanakwepa kutaja ukubwa wa kitu wanachopimia.

GPX 5000 ni mashine ya heshima, ila ni ya PI, ile teknolojia ya kupiga mapigo ya umeme ardhini, imetengenezwa kwa dhahabu kwenye ardhi ngumu kama hiyo. Kutofautisha chuma na visivyo chuma haiwezi vizuri, kila msumari ni sherehe. Ukiipeleka kwenye misingi ya karanga mtachimba mpaka kijana wa watu aombe nauli ya kurudi Singida.

Garrett_Damu
Simplex sawa, ipo duka gani hapa Dodoma? Uagize, usubiri mzigo, ulipe ushuru, ikiharibika umtafute fundi Uturuki?

fundi_koili
Na hiyo Garrett ya mtumba ikiharibika unampelekea nani, kiwandani kwao Texas?

Mzee_wa_Relini
Vijana acheni kugombana, mimi niwape ya kwangu labda itamfaa huyu mwenzetu. Miaka kadhaa nyuma tulikuwa watu wa kijiweni kimoja tukachangishana, akaja mtaalamu, simtaji na kampuni yake siitaji, ana mashine ya antena mbili ndefu na skrini, anasema hii haipimi chini tu, hii unaiuliza, unaweka dhahabu inakuelekeza iliko hata nusu kilomita, tukaingia pori moja upande wa Manyoni penye mawe ya nyumba ya zamani, antena zikageuka zenyewe zikaelekea kwenye mbuyu, sisi tukaamini kwa sababu tulitaka kuamini, vijana wakapewa sululu, tumechimba mpaka shimo likamzidi mtu kimo, mtaalamu anasema mali inashuka, inawakimbia, inataka mbuzi mweusi, mbuzi kanunuliwa kwa hela yetu na kaliwa na yeye, na usiku huo huo taa zetu zikaonekana kijijini. Wenyeji wakaja na marungu, wanasema hapa ni kwenye makaburi ya wazee wetu nyie ni wachawi mnachimbua mifupa, ikabidi tushikiliwe mpaka asubuhi kwa mtendaji, na mtaalamu katika vurugu hiyo kapotea na gari, mashine kaiacha. Tukaifungua ile mashine nyumbani. Ndani mna taa, betri na kipande cha madini ya risasi cha kufanya iwe nzito mkononi, waya za antena hazijaunganishwa na kitu. Kilichotoka shimoni ni mfuniko wa pipa.

Kwa hiyo hizo tatu ulizotaja zote zina unafuu, angalau zina koili.

Boda_wa_Ipagala
Mali inakimbia lakini mbuzi hakukimbia 😂😂 pole sana mzee

Dada_Changombe
Mzee kasema jambo ambalo mleta mada kalikwepa, makaburi na wenye eneo. Mahame mengi ya Kongwa sahivi ni mashamba ya alizeti ya watu, na sehemu nyingine ni ya ranchi. Umeongea na nani? Hame la babu yako sawa, ukoo utakuambia makaburi yapo wapi. Hiyo misingi ya karanga ipo kwa nani?

Chilonwa_Kwetu
Hame letu hamna shida, baba mdogo analima hapo hapo. Kwenye misingi bado sijaongea na mtu dada yangu.

Mwalimu_Mstaafu_Mpwapwa
Nimesoma uzi wote, niseme machache. Suala la Wajerumani Kongwa: wale wa karanga hawakuwa Wajerumani, walikuwa Waingereza, mradi ulianza 1947 na ukafutwa 1951. Walileta mpaka vifaru vya Sherman vya vita vikageuzwa kuwa matrekta ya kung'olea miti. Udongo wa Kongwa ukikauka unakuwa kama saruji, karanga zenyewe zilishindikana kung'oka. Kwa hiyo kwenye hiyo misingi tegemea boliti, minyororo, vipuri na makopo ya nyama. Ndiyo mali waliyoacha.

La pili, sheria. Ipo Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, kitu kilichotengenezwa na mtu kabla ya 1863 ni cha kale kisheria, na kuchimba kukitafuta kunahitaji kibali cha Mkurugenzi wa Mambo ya Kale. Dhahabu nayo ina leseni zake, Tume ya Madini makao yake makuu yapo hapo hapo Dodoma, nenda ukaulize.

Nkuhungu_Finest
Shikamoo mwalimu. Ila babu yake kahama miaka ya 70, 1863 inamhusu nini?

Mwalimu_Mstaafu_Mpwapwa
Marahaba. Hame halina tarehe moja. Watu walijenga juu ya palipokaliwa na wengine. Na njia ya misafara ya Bagamoyo kwenda Tabora ilipita Mpwapwa, ikavuka nyika kavu ya Marenga Mkali ikaingia Ugogo. Wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke walipita huku kabla ya 1860. Watemi walitoza hongo, yaani ushuru wa kupita, ikilipwa kwa nguo, shanga na waya za shaba. Akiokota koili ya waya ya shaba iliyoota ukijani asidhani ni ya fundi umeme.

Sungura_wa_Senti50
Wakuu nauliza tu, zile rupia zinazovuta mchele zinalia kwenye ACE 300 au mpaka GPX? Kuna mtu Dar ananunua kwa mamilioni.

fundi_koili
Hakuna rupia inayovuta mchele. Rupia ni madini ya fedha, haivuti hata sindano. Huyo mnunuzi atakuambia ulipie kwanza vipimo vya maabara, ukishalipa namba haipatikani. Rupia halisi na heller, zile senti za Mjerumani, zinalia vizuri tu kwenye VLF yoyote, yaani ditekta za kawaida kama ACE na Simplex. Sarafu ya Kijerumani yenye bei ya kutisha ni ile ya dhahabu ya rupia 15, yenye tembo, iliyopigwa Tabora 1916 karakana ya reli wakati wa vita, dhahabu yake ilitoka Sekenke hapo Iramba. Na feki zake zimejaa.

Sungura_wa_Senti50
Kwa hiyo ipo.

fundi_koili
Ipo duniani, haipo kwenye hame la babu yake. Pale atapata senti kumi za koloni zenye tundu na jembe lililoliwa.

Chilonwa_Kwetu
Hata hiyo senti yenye tundu naitaka, babu alikuwa anazifunga kwenye uzi. Nirudi kwenye mada, kwa hiyo MD nimeitoa. Garrett au Simplex? Jamaa wa Dar kashusha mpaka laki tano na nusu.

Garrett_Damu
Laki tano na nusu chukua leo. Nenda na sarafu, pete na msumari mfukoni, umwambie aiwashe mbele yako, uvipitishe mbele ya koili kimoja kimoja usikie tofauti ya sauti. Tikisa waya wa koili pale unapoingia kwenye boksi, ikilia lia bila kitu waya umechoka. Hela inayobaki nunua pinpointa, kile kijiti cha mkononi cha kuonyesha kitu kilipo ndani ya shimo, bila hiyo utakaa unachambua udongo kama mtu anayetafuta hereni.

fundi_koili
Hapo kwenye kuipima naunga mkono. Kwenye kununua bado.

Dada_Changombe
Halafu kwa nini kiangazi? Mwalimu kashakuambia ardhi ya huko ikikauka inakuwaje. Utavunja sululu. Na udongo wenye unyevu kidogo mashine inasoma vizuri zaidi.

Garrett_Damu
Masika nyasi zimefika kiunoni, koili utaipitisha wapi? Na nyoka je. Kiangazi wakishachoma panaonekana pote.

Dada_Changombe
Sijasema masika. Mei, baba mdogo akishavuna, udongo bado haujafunga.

Mzee_wa_Relini
Ongezeni na hili, Kongwa ilikuwa na kambi za wapigania uhuru miaka ya 60, FRELIMO ya Msumbiji na wenzao. Na mkienda Kondoa, pale palipiganwa 1916. Ukikutana na kitu kirefu cha duara kimepata kutu, huenda ni bomu, acha hapo hapo, usikigonge, katoe taarifa polisi. Kuhusu karanga, tafuteni tuta la ile reli yao iliyotoka Gulwe kwenda Kongwa, kandokando watu walikuwa wanashuka na kupanda, senti zinadondoka.

Mwalimu_Mstaafu_Mpwapwa
Msagali mzee mwenzangu. Tawi la Kongwa lilianzia Msagali.

Mzee_wa_Relini
Mwalimu mimi nimefanya kazi relini, Gulwe.

Mwalimu_Mstaafu_Mpwapwa
Gulwe ni stesheni ya watu wa Mpwapwa, na mimi ndiko nyumbani. Tawi la karanga ni Msagali, likaenda Kongwa mpaka Hogoro, na mradi ulipokufa mataruma na vyuma viling'olewa.

Mzee_wa_Relini
Nitamuuliza mtu.

Boda_wa_Ipagala
Sa hivyo vyuma viling'olewa vyote? Maana skrepa sahivi kilo inalipa, mi naona hata ditekta haihitajiki.

Nkuhungu_Finest
Ukikutwa na chuma cha reli kwenye boda utaijua Msagali vizuri.

Chilonwa_Kwetu
Wakuu jamaa wa Dar anasema kuna mteja mwingine kafika laki sita. Nampandishia au ni zile mbinu zao?

Garrett_Damu
Mbinu. Kaa kimya siku mbili.

fundi_koili
Mpandishie yule mteja mwingine aichukue, we njoo kwenye Simplex.

Sungura_wa_Senti50
Hiyo ya tembo ina gramu ngapi?