Naomba ushauri: mwanzo wa katuni yangu unapendeza machoni lakini haumgusi mtu

MchoraUsiku:
Habari zenu wakuu. Natengeneza filamu fupi ya katuni ya dakika 6, nachora mwenyewe picha kwa picha. Inamhusu kijana anayeingia kwenye karakana ya babu yake, fundi saa, majuma mawili baada ya mazishi. Mwanzo una sekunde 50. Kamera inapita taratibu juu ya meza ya kazi, bisibisi, saa za ukutani, kisha picha ya babu. Piano inapigwa toka mwanzo hadi mwisho, na msimulizi anasema: "Babu yangu alitengeneza saa maisha yake yote. Sasa hayupo, na karakana imebaki na ukimya."

Nimewaonyesha watu 4. Wote wamesifu michoro, hakuna aliyehuzunika, na mmoja ameniuliza kama ni tangazo la saa. Imeniuma kwa sababu babu huyo ni wangu kweli. Nataka mtu akikaa kutazama, kabla hajajua lolote, ahisi kwamba hapa kuna mtu amepungua. Nibadilishe rangi? Muziki? Miezi 2 sasa naongeza vitu, na kila nikiongeza naona mwanzo unazidi kupoa.

Kivuli_Kirefu:
Pole sana kwa msiba, mkuu. Mimi naanza na msimulizi. Anatuambia karakana ina ukimya huku yeye anaongea na piano inalia. Tumwamini nani, maneno yake au masikio yetu?

Rudia kutazama mwanzo wa The Lion King ya 1994. Jua linachomoza na sauti ya mwimbaji Lebo M inapasuka papo hapo, kwa Kizulu. Watazamaji wengi duniani hawakuelewa hata neno moja, lakini walijua kuna jambo kubwa linakuja. Wanyama wanakusanyika, mtoto wa simba anainuliwa juu, ngoma inapiga pigo moja na jina la filamu linatokea kwenye weusi. Mazungumzo ya wahusika yanaanza baada ya hapo. Wimbo upo, ndiyo, ila hakuna mtu anayekuelekeza uhisi nini.

BintiWino:
Naomba nipingane kidogo na Kivuli. Msimulizi hana kosa lolote akipewa kazi yake. Beauty and the Beast ya 1991 inaanza na msimulizi juu ya madirisha ya vioo vya rangi, na inafanya kazi vizuri sana, kwa sababu anasimulia laana iliyotokea miaka mingi nyuma, jambo ambalo tusingeliona kwa njia nyingine bila kupoteza muda. Na vile vioo vinakuweka mara moja ndani ya ngano.

Wako wewe anasimulia kile ambacho kamera inakionyesha wakati huohuo. Picha ya babu ipo ukutani, karakana tupu tunaiona. Kama kuna jambo la babu lisilochoreka, mpe hilo. Kama halipo, mpumzishe.

Penseli HB:
Mkuu, watu watakutajia Up, katuni ya 2009 iliyoongozwa na Pete Docter, yale maisha ya ndoa ya Carl na Ellie yasiyo na maneno. Kabla hujaiga, angalia kitu ambacho wengi wanasahau: siyo mwanzo wenyewe. Kabla yake kuna filamu ya habari ya zamani ndani ya ukumbi wa sinema, halafu Carl na Ellie wanakutana wakiwa watoto, na Ellie anaongea kama mvua. Tukifika kwenye ile sehemu isiyo na maneno, tayari tunaijua sauti yake, ndiyo maana kukosekana kwake kunauma. Michael Giacchino, mtunzi wa muziki wake, naye anatumia wimbo uleule mmoja: unaanza ukichezeka, mwishoni unabaki piano peke yake, polepole.

Wewe umetupa piano ya huzuni kuanzia sekunde ya kwanza. Hatujapewa kitu, halafu tunaombwa tukililie.

Rangi_ya_Maji:
Umeuliza rangi, nikujibu hapo. Mandharinyuma yako ina vitu vingi mno (nahukumu kwa maelezo yako tu, samahani kama nimekosea). Bisibisi, saa, meza, picha, vyote vikichorwa kwa ukali uleule, jicho halijui litue wapi, na jicho linalotangatanga halihuzuniki.

Walipotengeneza Bambi, katuni ya mtoto wa paa iliyotoka 1942, michoro ya mwanzo ya msitu ilikuwa na kila jani, hata paa wakapotea humo. Mchoraji Tyrus Wong akaja na njia iliyotokana na michoro ya kale ya Kichina ya enzi ya Song: ukungu, miti michache iliyo wazi, kingo zinazofifia. Kwenye mwanzo wa filamu kamera inapenya msitu huo kwa tabaka za vioo vilivyochorwa, vya mbele vikisogea haraka kuliko vya nyuma, na unajikuta umeingia msituni kabla hujakutana na mnyama yeyote muhimu.

Programu yoyote ya kuchorea ya leo inakupa tabaka kama hizo. Chagua kitu kimoja kiwe wazi, vingine vizamishe gizani. Na acha kamera isimame. Filamu inakwenda fremu (picha moja moja) 24 kwa sekunde; shika mchoro mmoja kwa fremu 72, sekunde 3 nzima, mwanga tu ndio usogee.

Mzee wa Fremu:
Kijana wangu, pole. Nina swali moja. Saa hizo ni za kutia ufunguo?

MchoraUsiku:
Ndiyo mzee, karibu zote. Babu alikuwa akizipitia zote kila Jumapili asubuhi, moja baada ya nyingine.

Mzee wa Fremu:
Basi tangu afariki hakuna aliyezitia ufunguo. Zinasimama. Msiba wenyewe unasikika mle ndani, na wewe umeufunika kwa piano.

BintiWino:
Nimesisimka mwili mzima. Mkuu, fanya hilo.

MchoraUsiku:
Wakuu, nimerudi baada ya siku 9.

Nimeondoa msimulizi na piano. Sasa skrini ni nyeusi na tunasikia saa 7, kila moja na mwendo wake, karakana imechangamka kabisa. Nilirekodi saa halisi za babu ambazo bado zinafanya kazi, nyingine nikazibadilisha kasi. Kisha moja inasimama. Halafu nyingine. Picha inafunguka zikiwa zimebaki mbili: meza tu, imezama kwenye kivuli, na mwanga wa dirishani umeangukia ufunguo. Inabaki moja. Inasimama. Mlango unafunguliwa. Piano nimeihamishia dakika ya 5, kijana anapoushika ule ufunguo.

Jana nilimwonyesha dada mmoja ambaye hakuwa kati ya wale 4. Saa ya tano iliposimama aliniuliza kwa sauti ya chini, "Nani amefariki?" Picha ya babu bado haijaonekana! Nawashukuru kutoka moyoni, Mzee wa Fremu hasa.

Limebaki moja. Saa ya mwisho ikishasimama, nikae kimya kwa muda gani kabla ya mlango? Nimejaribu sekunde 2, naona ni haraka. Sekunde 6 naogopa watadhani sauti imekatika.

Kivuli_Kirefu:
Usiache kimya tupu, ndipo watadhani sauti imeharibika. Chini kabisa weka sauti ya chumba: upepo dirishani, mbao inayolia kidogo.

Mzee wa Fremu:
Weka 6. Mwonyeshe mtu ambaye hajaiona, na wewe utazame uso wake, skrini iache. Akianza kujisogeza kwenye kiti, fungua mlango hapo.